Nani Aliyeleta Nyeusi?



Vijana wenzangu, Desemba iliyopita niliulizwa swali na mtoto mmoja, na mpaka leo sijalimaliza. Nimelipeleka kwenye sala, nimelipeleka kwenye kitubio, na leo nimeona nililete hapa kwenu, maana nadhani si langu peke yangu.

Mimi ni mlezi wa watoto wa Utoto Mtakatifu katika kigango kimoja cha Jimbo la Tanga, kati ya Korogwe na Handeni. Upande wa Korogwe kuna mashamba ya mkonge, mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka, na Mto Pangani unapita humo. Upande wa Handeni kuna mahindi, mihogo, vichaka, na magunia ya mkaa yaliyopangwa kando ya barabara yakisubiri magari. Watoto wetu ni wa pande zote mbili. Wengine baba zao wanakata mkonge, wengine wanalima, wengine kwao wanachoma mkaa.

Ilikuwa Majilio, shule zimefungwa, na watoto walijaa kanisani Jumamosi kwa mafundisho. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumesuka taji la Majilio kwa matawi. Nikaona wazi kwamba mikono yao inapenda kazi kuliko masikio yao yanavyopenda maneno yangu. Sasa tarehe 8 Desemba ni Sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, na kesho yake, tarehe 9, ni siku ya Uhuru. Nikajisemea, kwa nini tusitengeneze bendera ya Taifa kwa mikono yetu?

Nikaanza kwa kuwauliza bendera yetu ina rangi ngapi. Mmoja akasema tatu, mwingine akasema nne, na mwingine akasema, "Inategemea, Mwalimu. Ile ya shuleni kwetu imepauka." Tukacheka wote. Lakini nikawaza: hawa watoto wanasimama mbele ya bendera kila asubuhi ya shule, na bado hawajaiona.

Rangi zilizotoka nyumbani

Nikawapa sharti moja: hatununui rangi dukani. Kila rangi itoke nyumbani au shambani kwetu.

Kijani tulikipata kwenye kisamvu. Wasichana wawili walikitwanga kwenye kinu cha jirani wa kanisa, tukakamua maji yake. Manjano ilikuwa rahisi, ni ile bizari ya kupikia. Bluu ilitoka kwenye buluu ya kufulia mashati ya shule. Kamba tulisokota kwa katani iliyotoka korona, yaani kwenye mashine ya kusindika mkonge. Mlingoti ukawa ule mti mrefu mwepesi unaochipuka katikati ya mkonge ukishazeeka.

Nyeusi ndiyo iliyokuwa na kazi. Mkaa inabidi usagwe mpaka uwe laini kama unga, kisha uchanganywe na uji mzito wa muhogo ili ushike kwenye kitambaa. Mtoto mmoja wa kiume, wa miaka kama tisa hivi, akasema kwao mkaa upo. Akatoka mbio, akarudi na mfuko wa vipande, akakaa chini akasaga juu ya jiwe karibu saa nzima bila kunung'unika. Kwao wanachoma mkaa. Wenzake wana jina la utani wanalomwita, na nadhani mnaweza kulikisia.

Basi tukatandika kitambaa cheupe juu ya benchi. Hapo ndipo nilipojua kwa nini mikono inafundisha. Mtoto akiambiwa "mstari mweusi umepita mshazari," anaitikia ndiyo. Akipewa brashi ndipo anauliza: mshazari kutoka wapi kwenda wapi? Unaanzia chini upande wa mlingoti, unapanda mpaka juu upande wa pili. Kijani kinakaa juu karibu na mlingoti, bluu inakaa chini upande unaopepea, na mistari miwili myembamba ya manjano inaukumbatia ule mweusi huku na huku. Mara mbili walikosea wakageuza. Mara ya tatu hakuna aliyehitaji kuambiwa, na naamini hawatasahau mpaka wazeeke.

Rangi zilipokuwa zinakauka tukazungumza. Kijani ni ardhi na mimea yake. Bluu ni maji: bahari, maziwa na mito. Msichana mmoja kutoka upande wa Handeni, ambako kila mtu anajua shida ya ndoo, akasema, "Basi bluu yetu sisi ni ndogo." Mwenzake wa Korogwe akamjibu, "Si mnatumia ya kwetu?" Na ni kweli. Maji ya Handeni kwa miaka mingi yamesukumwa kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe, kwa lile bomba kuu ambalo wenyeji wanaliita HTM. Manjano ni madini, na huko Handeni watoto wanajua habari za dhahabu ya Magambazi. Nikawaambia pia kwamba bendera hii ilianza kutumika tarehe 30 Juni 1964, baada ya Muungano wa Aprili mwaka uleule, na kwamba bluu ilitoka kwenye bendera ya Zanzibar, ikaja kukaa na rangi za Tanganyika. Nayo nyeusi? Wakajibu kwa sauti moja: "Ni sisi watu!"

Wakati huo kuna mtoto akauliza swali ambalo sikulitegemea. Alikuwa anaangalia sarafu yenye nembo ya Taifa, ile ya Bibi na Bwana walioshika pembe za ndovu zinazoizunguka ngao, wamesimama juu ya Mlima Kilimanjaro. "Mwalimu, hapa chini kuna karafuu na pamba. Mbona mkonge haupo?" Jamani! Wakati nchi inapata Uhuru, mkonge ndio uliokuwa ukiiletea fedha nyingi za kigeni kuliko zao lingine, na mwingi ulitoka huku kwetu. Nikamjibu kwamba alama haiwezi kubeba kila kitu, ndiyo maana inaitwa alama. Akaniangalia kama mtu asiyeridhika. Sasa hivi naona alikuwa na haki. Swali lake na la yule mtoto wa mkaa ni swali moja.

Picha

Bendera ilipokauka tuliifunga kwenye mlingoti. Haikuwa nzuri sana. Kijani cha kisamvu kilikuwa kimeanza kuelekea kahawia. Lakini ilikuwa yetu, na watoto walikuwa wakiruka kwa furaha.

Nikatoa simu nipige picha ya kutuma kwenye kundi la parokia. Nikawapanga: wadogo mbele, wakubwa nyuma. Yule mtoto alikuwa amesimama mbele kabisa, ameshika mlingoti kwa mikono miwili. Shati lake lilikuwa limechafuka lote. Uso nao ulikuwa na alama za mkaa, kwa sababu alikuwa akijifuta jasho kwa mikono ileile. Nikamwambia, tena kwa upole, kwa sauti ya mwalimu mzuri: "Wewe hebu nenda nyuma kidogo, picha isichafuke."

Hakubisha. Akamkabidhi mwenzake mlingoti. Ila kabla hajaenda akaniuliza, kwa sauti ya kuuliza kweli, wala si kwa jeuri: "Mwalimu, si mimi ndiye niliyeleta nyeusi?"

Watoto wakacheka, mmoja akamwita kwa lile jina. Mimi nikasema, "Haya, haya, tabasamuni," nikapiga picha. Ilipata pongezi nyingi kwenye kundi. Paroko mwenyewe aliweka alama ya kupiga makofi. Kwenye picha hiyo yule mtoto haonekani. Inaonekana nusu ya kichwa chake, nyuma ya bendera.

Jumamosi iliyofuata hakuja.

Je, tulikosea kuigusa bendera?

Kabla sijaendelea na hilo, niseme kwamba mzee mmoja wa kigango, mtu ninayemheshimu sana, alinijia baada ya kuona picha. Kwake kosa lilikuwa lingine kabisa. "Mwanangu," alisema, "bendera ya Taifa haichezewi. Hiyo si kazi ya kisamvu na bizari." Alinikumbusha kwamba nchi ina Sheria ya Nembo za Taifa tangu mwaka 1971, na kwamba bendera ikipandishwa watu wanasimama wima. Na kijana mwenzetu mmoja akaniandikia kutoka upande wa pili: "Mambo ya serikali yanaingiaje kwenye mafundisho ya dini? Si ndiyo kuabudu sanamu huko?"

Nimewafikiria wote wawili. Mzee anaogopa heshima isipungue. Kijana anaogopa heshima isizidi. Kila mmoja ana jambo la kweli mkononi.

Tukianza na mzee: ni kweli alama takatifu au ya heshima hutunzwa. Bendera yetu ya kisamvu hatukuipandisha popote pa serikali, na hatukuitupa jalalani. Lakini kutunza si sawa na kukataza mikono ya watoto isiguse. Mnakumbuka mwishoni mwa mwaka 2018 ulitoka waraka wa serikali ukitaka wimbo wa Taifa na bendera visitumike bila kibali, na Rais Magufuli akalitengua agizo hilo. Mtoto hawezi kupenda kitu anachokiona kwa mbali tu, juu ya mlingoti wa ofisi.

Kanisa letu linalijua hili tangu zamani. Mwaka 1223 kule Greccio, Mtakatifu Fransisko hakuwaambia watu tu kwamba Mungu alizaliwa maskini. Aliandaa hori, nyasi, ng'ombe na punda. Mpaka leo watoto wetu wanajenga pango la Krismasi kwa udongo, na Jumapili ya Matawi wanasuka misalaba ya makuti. Katika Kitabu cha Kutoka (31:1-5) Mungu anamjaza Bezaleli roho yake, si ili ahubiri, bali ili achonge, akate mawe na kufua dhahabu. Na katika Yoshua 4:1-7, Waisraeli wakivuka Yordani wanaagizwa wabebe mawe kumi na mawili mabegani kutoka katikati ya mto, ili siku watoto watakapouliza mawe haya maana yake nini, wapate la kuwajibu. Ona mpangilio wake: kwanza mtu anabeba jiwe, linamlemea begani, halafu ndipo swali linakuja, na jibu ni habari ya watu waliookolewa.

Tuje kwa kijana. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaliweka jambo la kupenda nchi chini ya amri ya nne, palepale panapozungumzwa baba na mama, na inasema upendo huo ni deni la shukrani (KKK 2239). Kwa hiyo hatujatoka nje ya dini. Lakini hofu yake si ya bure. Nyoka wa shaba alitengenezwa na Musa kwa amri ya Mungu mwenyewe, watu wakamtazama wakapona (Hes 21:4-9). Miaka mingi baadaye mfalme Hezekia alimvunjavunja nyoka yuleyule, kwa sababu watu walikuwa wanamfukizia uvumba (2 Fal 18:4). Shaba ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba macho yalikuwa yamefika kwenye shaba yakasimama hapo.

Nadhani ufunguo upo kwenye Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787. Wakati ule Wakristo waligombana vikali kuhusu picha takatifu: tuziheshimu au tuzivunje? Mababa wa Mtaguso walifundisha kwamba heshima inayotolewa kwa picha haibaki kwenye picha, inapita na kumfikia yule anayeonyeshwa. Kwa hiyo unapobusu msalaba Ijumaa Kuu hubusu mti.

Sasa chukua fundisho hilo, uliweke kwa unyenyekevu kwenye bendera, ukijua kwamba bendera si picha takatifu. Heshima ninayoipa rangi nyeusi inapita inaenda wapi? Watoto walishajibu: ni sisi watu. Basi kama nasimama wima mbele ya kitambaa cheusi, halafu namsogeza nyuma mtoto ili asiichafue picha ya kitambaa hicho, heshima yangu haijapita popote. Imegota kwenye kitambaa. Na heshima iliyogota kwenye kitambaa ina jina lake kwenye Biblia, jina lile ambalo kijana wetu alilitaja.

Kwa hiyo mzee alidhani nimeidharau bendera kwa kisamvu. Kijana alidhani nimeiabudu kwa kuileta kanisani. Hawakujua kwamba niliyafanya yote mawili kwa pamoja, kwa sentensi moja, wakati wa kupiga picha.

Watu walioitwa kwa namba

Hapa kwetu jambo hili lina historia, na vijana wa Korogwe tusiisahau. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Inasimuliwa kwamba kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, iliyofika hai ni 62 tu. Kutoka hapo yakaja mashamba makubwa, na mashamba yakahitaji watu. Waliletwa kutoka mbali sana, magharibi na kusini mwa nchi na hata nje yake, wakaandikwa kwa namba. Ndiyo maana waliitwa manamba. Mtu alikuwa na jina alilopewa na bibi yake, lakini shambani alikuwa namba, na kipande cha kuhesabia siku zake za kazi.

Watoto kadhaa ninaowafundisha ni vitukuu vya watu hao. Kwa hiyo bendera ilipopewa rangi nyeusi yenye maana ya "watu," halikuwa pambo. Lilikuwa jibu kwa hesabu ile ya manamba: hawa ni watu, na wapo katikati ya bendera, kuanzia pembe hadi pembe, wamezungukwa na utajiri wa nchi yao. Yule aliyeuliza mbona mkonge haupo kwenye nembo, naweza kumjibu vizuri zaidi leo. Mkonge haupo, ila wakata mkonge wapo. Ndio ile nyeusi.

Na tazama tunavyorudi kwenye namba bila kujua. Tunampa mtu jina la kazi ya wazazi wake, la rangi ya ngozi yake, la uchafu wa shati lake. Tunamwita hivyo mpaka hata sisi walezi tunaanza kumwona hivyo.

Wapo mtakaokumbuka mwaka 2017, habari za mzee mmoja wa Dar es Salaam, Francis Kanyasu, aliyejulikana zaidi kwa jina la Ngosha. Alieleza kwamba yeye alishiriki kuichora nembo ya Taifa. Wapo waliotaja mchoraji mwingine, na mimi si mwamuzi wa hilo. Ninachokumbuka ni yule mzee mgonjwa, anaishi maisha ya dhiki Buguruni, na nchi nzima ndipo inaanza kuuliza yeye ni nani. Alifariki mwaka huohuo. Nembo ile ipo kwenye vyeti vyetu, kwenye kila barua ya ofisi. Tuliishika kila siku, na kwa miaka mingi hatukuuliza ni mikono ya nani iliyochora.

Yesu alipoletewa sarafu aliuliza swali fupi: sura hii ni ya nani? (Mt 22:15-22). Sarafu ina sura ya Kaisari, basi arudishiwe Kaisari. Lakini kuna sura nyingine ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameileta mbele yake siku ile, kwa sababu wote walikuwa wameivaa. Mwanzo 1:27 inasema mtu aliumbwa kwa sura ya Mungu. Bendera ni alama tuliyoitengeneza sisi. Mtoto ni sura aliyoitengeneza Mungu. Vikigongana, hakuna haja ya kujiuliza kipi kisogee nyuma.

Nilivyokwenda kwao

Alipokosa Jumamosi ya pili nilikwenda kwao. Ni mbali kidogo, unaacha barabara unaingia vichakani. Nilimkuta bibi yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, Mwalimu."

Alidhani nimekuja kudai mchango. Nikamwambia nimekuja kumwomba mjukuu wake msamaha. Akacheka sana. "Mwalimu, mtoto haombwi msamaha! Mtoto akikosewa anasahau." Lakini akamwita.

Nilijiandaa njiani na maneno mazuri, yakanipotea yote. Nikasema tu, "Siku ile ya picha nilikukosea. Wewe ndiye uliyeleta nyeusi, na ulipaswa kukaa mbele." Akaangalia chini, akasugua mguu kwa mguu. Kisha akasema, "Na ile bendera iko wapi?" Nikamwambia ipo, nimeihifadhi kanisani. Akasema, "Haijatoka rangi?" Nikamwambia kijani kimetoka kidogo, nyeusi bado imeshika. Akatikisa kichwa kama fundi anayepokea taarifa ya kazi yake.

Kabla sijaondoka bibi alinionyesha tanuri la mkaa lililokuwa likifuka moshi kwa nyuma. Akasema zamani miti ilikuwa karibu, sasa wanaifuata mbali. "Tunajua tunamaliza pori, Mwalimu. Ila jioni mtoto anataka kula." Sikuwa na jibu. Ni rahisi kumnyooshea kidole anayechoma mkaa ukiwa mjini unaupikia. Nyeusi yetu siku ile ilitoka kwenye kijani kilichokatwa, na manjano ya nchi haijafika kwenye nyumba ile. Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha katika Laudato si', mwaka 2015, kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini hatuwezi kuvisikiliza kimoja kimoja. Nilisoma hayo kwenye semina ya vijana. Siku ile niliyaona yakifuka moshi.

Mtoto alirudi Krismasi. Anakaa karibu na mlango bado. Sijui kama amesahau kama bibi yake alivyosema. Mimi sijasahau, na naona ni vizuri hivyo.

Basi tufanye nini?

Vijana mnaolea watoto, parokiani, shuleni au nyumbani, endeleeni kuwapa gundi, mkasi na mkaa. Watengeneze bendera, wachore twiga, wafinyange Mlima Kilimanjaro kwa udongo, wasokote kamba ya katani. Wafundisheni kwamba wimbo wetu wa Taifa kwa maneno yake ni sala, na wausimamie kama watu wanaosali. Wasimulieni jinsi Mwenge ulivyowashwa kileleni Kilimanjaro usiku wa Uhuru mwaka 1961, na kwamba Mwalimu Nyerere, ambaye Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, alitaka mwanga ule uwafikie walioonewa hata nje ya mipaka yetu.

Ila kila mnapomaliza kutengeneza alama, ulizeni swali moja zaidi: hii inamwonyesha nani, na huyo yuko wapi leo? Kama nyeusi ni watu, ni nani hapa kwetu tunamwita kwa jina la kejeli? Kama bluu ni maji, nani darasani anaamka saa kumi usiku kufuata ndoo? Mtoto akijifunza kuivuka alama akamfikia mtu, amejifunza pia namna ya kusali mbele ya msalaba.

Na sisi wenye simu: tuangalie kwanza nani amesimama mbele na nani tumemwambia arudi nyuma.

Maswali ya kutafakari

1. Ni alama gani ninaipa heshima kubwa (bendera, msalaba shingoni, sare ya chama cha kitume), na heshima hiyo inamfikia nani?
2. Kuna mtu ninamwita kwa jina la kazi, kabila au hali yake badala ya jina lake la ubatizo? Nitaanza lini kumwita kwa jina lake?
3. Je, nimewahi kumwomba msamaha mtu mdogo kwangu?

Sala

Ee Mungu Baba, umetuumba kwa sura yako, ukatupa nchi hii na rangi zake zote. Utusamehe tunapoipenda picha na kumsahau mtu. Wabariki watoto wa Handeni na Korogwe, wakata mkonge, wakulima na wachoma mkaa. Uifundishe mikono yetu kuheshimu ulichokifanya wewe kabla ya tulichokifanya sisi. Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, utuombee sisi na nchi yetu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.